Pikapu za kupunguza ukali wa gitaa

Ndugu zangu, gitaa langu la solo, Stratocaster, linachoma masikio kila nitumiapo pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya karibu na daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa), hasa hapa Mtwara tunapopiga ukumbi ukiwa bado mtupu. Nichague pikapu zipi?

Jibu, Lindi: Tafuta zenye sumaku za aloi ya Alnico II, ambazo kwa kawaida hutoa sauti laini kuliko Alnico V. Hambaka ndogo (pikapu ya koili mbili) nayo hupunguza mvumo wa umeme, ingawa mng'ao wa Stratocaster utapungua, na mimi nisingekubali kuupoteza.

Jibu, Masasi: Usikimbilie dukani. Kwanza ishushe pikapu kwa bisibisi iwe mbali na nyuzi, kisha ufungue bamba la mbele, kwani katika uungaji wa asili pikapu hiyo haipiti kwenye kitufe cha toni. Waya mfupi na lehemu vinatosha kuiunganisha nacho. Kagua pia potenshomita (vidhibiti vilivyo chini ya vitufe vya sauti na toni): za kilo-omu 500 huongeza ukali kuliko za 250.

Muulizaji: Nimefungua, kaka. Zimeandikwa 500.