Tunda la saguaro, ile kaktasi ndefu ya Arizona: naweza kuchuma tu?

MamaAsha_Tucson:

Habari za humu wapendwa. Mimi naishi Tucson huku Arizona mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ya kulea wazee. Pale kazini kuna mama mmoja wa makamo, yeye ni Mtohono O'odham, yaani wenyeji wenyewe wa hili jangwa, juzi kaniletea kichupa kidogo cha kitu chekundu kinaelekea weusi, kizito kama shira ya kaimati, akasema onja. Jamani. Ni tamu ila sio utamu wa sukari, ina moshi kwa mbali, na ladha kama tini iliyoiva ikachanganywa na zabibu. Nimelala nayo akilini.

Nikamuuliza ni nini akasema ni tunda la bahidaj, linatoka kwenye hasañ, na hiyo hasañ ndio saguaro, zile kaktasi ndefu zenye mikono ambazo ukifika Tucson unaziona zimesimama mlima mzima kama watu. Sasa nyuma ya apatimenti tunayokaa kuna uwanja mtupu una saguaro kama sita hivi, na saa hizi mwishoni mwa Juni kule juu kabisa zimepasuka nyekundu, mie siku zote nilijua ni maua kumbe ndio matunda yenyewe. Ndege wanakula mchana kutwa na mengine yanaanguka chini yanaliwa na siafu, roho inaniuma.

Nataka kujua, yanachumwaje maana ni marefu kuliko nyumba? Ni sawa na mpungate wa kwetu? Na je naruhusiwa kuchuma au nitatafuta matatizo? Watoto wangu wanapenda matunda sana na huku matunda ya dukani hayana ladha. Naomba mwenye kujua anisaidie.

Kevo_Phoenix:

Mama Asha mambo. Mimi ni wa Nanyuki lakini niko Phoenix. Usilinganishe na mpungate kabisa. Mpungate huo tunaujua vizuri sana Laikipia, umemeza malisho ya watu, mbuzi wakila yale matunda vile vimiba vidogo kama manyoya vinawaingia mdomoni na tumboni wanaumia vibaya, ndovu nao wanakula wanaenda kusambaza mbegu mbali. Imebidi waletwe wadudu wa kuufyonza ndio upungue, na kuna vikundi vya kina mama wanatengeneza jemu na juisi angalau upate kazi. Kule ni mgeni aliyekuja kuharibu. Hapa Arizona saguaro ndio mwenye nyumba. Ukiondoa hili jangwa la Sonora, yaani kusini mwa Arizona, jimbo la Sonora kule Mexico na vichache vya upande wa California, huipati porini mahali pengine popote duniani.

Na tunda lake halina shida ya miba kama la mpungate, ganda lina vimiba vichache tu na likiiva linajipasua lenyewe. Ndani ni nyekundu na vimbegu vyeusi vingi ajabu, tunda moja linaweza kuwa na mbegu kama 2,000. Nimewahi kula, ni tamu kweli.

Kama uwanja hauna mtu mimi ningechukua mti mrefu wa kupigia nikayaangusha matunda tu. Tunda la porini ni la Mungu.

MzeeWaMiche:

Nimesoma hapo juu nikaona nijibu kwa kirefu kidogo maana hili jambo liko moyoni mwangu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimefanya kazi kwenye bustani ya miche ya jangwani hapa Tucson miaka 11, na mara tatu nimealikwa na familia moja ya Ki-O'odham kwenda nao kuchuma.

Kwanza kabisa mwanangu Mama Asha, usipige mti na usipande ngazi. Wao wanatumia kigoe wanachokiita ku'ipaḍ. Saguaro ikifa nyama yote inaoza inabaki mifupa, yaani fito ndefu zilizonyooka, nyepesi na ngumu. Wanachukua fito mbili wanaziunganisha kwa kufunga mpaka inafika mita tano sita, halafu karibu na ncha wanafunga kijiti kikakaa upande kama msalaba. Unalisukuma tunda au unalivuta linadondoka. Inaonekana rahisi mpaka ukishike mwenyewe kile kigoe, mikono inatetemeka, na jua la Juni huku unalijua, saa tatu asubuhi joto limeshakuwa kali. Ndio maana wanaanza alfajiri.

Sasa sehemu ninayoipenda. Kisu hawabebi. Ua lilelile lililokauka linabaki limeshikilia kwenye ncha ya tunda na ukingo wake ni mgumu kama kucha, unalikwanyua unapasulia ganda kwa hilo hilo, kisha unachota nyama kwa kidole gumba unatia kwenye ndoo. Tunda la kwanza la siku hawali hivi hivi, wanashukuru kwanza, wengine wanajipaka kidogo kifuani upande wa moyo. Halafu ganda tupu HULITUPI. Unaliweka chini ya mti, upande mwekundu ukitazama juu mbinguni. Nilipouliza sababu, bibi aliyenialika aliniambia ni kuiita mvua.

Na hapo ndipo ujue hili tunda sio kitafunwa tu. Huku miezi ya Aprili mpaka Juni ni ukame mtupu, ardhi inapasuka, kila kitu kinangoja mvua za Julai. Na katikati ya ukame huo huo ndio saguaro inazaa, kabla ya mvua. Yaani wakati chakula porini ni kidogo yeye anatoa. Kwa hiyo kwao mavuno haya ndio mwanzo wa mwaka mpya. Wanaloweka ile nyama kwenye maji, wanachuja, wanachemsha juu ya moto wa kuni muda mrefu mpaka iwe shira, huo moshi uliousikia mama Asha unatoka hapo. Ndoo nzima ikichemka inabaki kidogo sana, ndio ujue huyo mama aliyekupa kichupa amekupa kitu kikubwa. Makapi wanaanika yanakuwa kama mkate wa tende unakaa muda mrefu, mbegu wanasaga unga au wanawapa kuku. Sehemu ya shira inapelekwa ya kijiji kizima, inachanganywa na maji inaachwa ichachuke siku mbili tatu huku watu wanaimba na kucheza usiku, hiyo inaitwa nawait. Mimi ni Mwislamu, kileo situmii na hawakunilazimisha, lakini maana yake nilielezwa na nikaiheshimu: kama mtu anavyolowana kwa kile kinywaji, ndivyo ardhi ilowane kwa mvua. Ni dua yao.

Mti wenyewe hakuna kinachopotea. Zile fito wamejengea kuta na mapaa ya nyumba za udongo kama tunavyojenga sisi kwa fito na udongo, wanafanya uzio, vitanda. Kuna ndege kama kigong'ota anatoboa tundu kwenye shina aweke kiota, saguaro inajiziba kidonda kwa kutengeneza gamba gumu ndani, mti ukifa lile gamba linabaki zima kama kibuyu, na watu walikuwa wanawekea vitu humo.

Kevo kijana wangu, nikuombe kitu. Usiseme tena unaangusha tu. Saguaro ina miaka 8 ikiwa na urefu wa sentimita tatu au nne. Ua la kwanza inatoa ikiwa na kama miaka 35. Ukiiona ina mikono mara nyingi imeshapita miaka 70, na inaweza kufika 150 hata 200. Babu yako hajazaliwa yeye ameshasimama pale. Ukimjeruhi kwa kupiga, kidonda kinaingia bakteria anaoza kutoka ndani.

Kevo_Phoenix:

Shikamoo mzee, nimekusikia na asante kwa kunielimisha, hiyo ya kupiga nimeifuta. Lakini bado sijaelewa jambo moja, sio kwa ubishi. Tunda liko porini, hakuna aliyelipanda, ndege wanakula bure, kwa nini mtu akaombe ruhusa? Sisi tulikua tukichuma matunda msituni hakuna aliyetuuliza.

Zuhura_wa_Bagamoyo:

Kaka Kevo mimi nitajaribu. Kwanza sheria, nimesomea mambo ya mimea huku. Saguaro inalindwa na sheria ya jimbo la Arizona, ukiikata, ukiichimba au ukiihamisha bila kibali ni kosa la jinai, hata iliyo kwenye kiwanja chako kuna taratibu. Kuchuma tunda sio sawa na kukata mti ila ardhi yoyote ina mwenyewe: kama ni ya mtu unamuomba, kama ni ya serikali unauliza ofisi husika, kama ni ndani ya ardhi ya Tohono O'odham usiingie kuchuma bila wao. Kwenye hifadhi ya taifa ya Saguaro pale Tucson wanaochuma ni O'odham kwa makubaliano maalum, maana walikuwa wakichuma pale karne na karne kabla hapajaitwa hifadhi, na hifadhi yenyewe ilianza 1933.

Lakini sheria pembeni. Uliza kwanza huo msitu ulikuwa wa nani. Hawa watu walikuwa na sehemu kubwa ya jangwa hili, mwaka 1854 Marekani ikanunua kipande hiki kutoka Mexico, wao hakuna aliyewauliza, mpaka ukapita katikati yao, ndugu huku ndugu kule. Wakabaki na sehemu. Hata jina walikuwa wanaitwa Papago, jina walilopewa na wengine, mpaka 1986 ndio wakarudisha rasmi Tohono O'odham, maana yake watu wa jangwa. Mwaka 2020 ukuta wa mpakani ulipojengwa saguaro ziliangushwa na katapila na watu walilia hadharani, maana kwao saguaro ni mtu, sio mfano wa mtu, MTU. Kuna kisa wanasimulia cha mtoto aliyeachwa na mama yake akazama ardhini akatokea tena akiwa saguaro.

Sisi kwetu Bagamoyo bibi yangu alikuwa na mwembe uko nje kabisa ya ua, hauna uzio, mtoto yeyote anakula embe. Lakini kila mtoto alipita kwanza barazani kusema shikamoo bibi, naomba embe. Bibi hajawahi kukataa hata siku moja. Ila ukipita bila kumwamkia uliitwa mwizi, na wewe mwenyewe ulijua.

Kevo_Phoenix:

Dada Zuhura hapo umenifunga mdomo. Nimeelewa vizuri.

Bahati_toka_Nyarugusu:

Jambo ba ndugu. Miye ni Mukongomani, tulitokaka kambi ya Nyarugusu Kigoma, sasa tuko Tucson. Nataka niongeze kitu moja ya hatari juu watoto. Watu wanaona kwa filamu mtu amepotea jangwani anakata kaktasi anakunywa maji. Si kweli. Ile ndani ya saguaro ni nyama yenye utelezi na uchungu, iko na sumu inakutapisha, na mtu akitapika kwa ile joto anakufa haraka zaidi. Hata kama imejaa maji, na kweli imejaa, mvua ikinyesha inafutuka kama kinanda cha kuvuta, kubwa inaweza kuwa na uzito wa tani mbili. Tunda tu ndio ya kula.

Tena watoto wasicheze chini yake wakati wa joto kali ao upepo. Mwaka 2023 joto ya Phoenix ilipita nyuzi 43 siku 31 mfululizo na saguaro zingine zilidondosha mikono, zingine zikaanguka zenyewe. Mkono moja ni uzito wa gunia nyingi.

Na ile miti ya kwetu inafanana na kaktasi, yenye maziwa meupe, minyaa na jamaa zake, ile si kaktasi hata kidogo. Maziwa yake ikiingia jichoni inapofusha. Mutoto akizoea hapa kwamba kaktasi inaliwa, akirudi nyumbani asidanganyike.

MzeeWaMiche:

Bahati umesema kweli tupu, asante sana mwanangu, hiyo ya minyaa mimi nilisahau kabisa.

Nami niongeze, acheni matunda mengine juu. Hata wao hawamalizi. Wanaoichavusha saguaro usiku ni popo wanaotoka Mexico, ua linafunguka usiku, ikifika mchana wa kesho yake limefunga, na hua wenye mabawa meupe wanakuja kula matunda na kulisha makinda. Na mbegu inaota vizuri ikianguka chini ya mti mwingine wenye kivuli, kama palo verde, unamlea mpaka akue. Ndege ndio wanaopanda.

MamaAsha_Tucson:

Wapendwa nimesoma yote, nyingine nimerudia mara mbili. Mzee shikamoo, na asanteni nyote.

Leo kazini nilimfuata yule mama wakati wa mapumziko. Nikamwambia shira yako imenifanya niulize watu mpaka mbali, na nikamwomba radhi kwamba niliipokea nikasema tu asante kama mtu aliyepewa pipi. Akanishika mkono akacheka. Nikamuuliza habari ya maganda kutazama juu, akanyamaza kidogo, akaniuliza nani kakufundisha, nikamwambia mzee wa kwetu. Akasema mama yake mzazi alikuwa akiwarudisha kuyageuza moja moja kama wameyaacha yamefunikia chini.

Uwanja wa nyuma sitagusa, nimeuliza ofisi ya apatimenti wakasema una mwenyewe na anaishi mji mwingine. Ila yeye kanialika. Jumamosi hii saa kumi na moja alfajiri tunaondoka na dada zake kuelekea upande wa Sells, mji mkuu wa ardhi ya Tohono O'odham, kanambia nilete ndoo yenye mfuniko, kofia pana, viatu vya kufunika na maji mengi, na nije na Asha. Kigoe atanipa yeye, ni cha mama yake.

Mzee, ile shira ukiwa nyumbani unaiweka kwenye friji au nje? Na mbegu zikibaki nizianikeje, maana hapa sina ungo.

MzeeWaMiche:

Ikiwa imechemka vizuri ikawa nzito inakaa nje kwenye chupa iliyofungwa, ila ukishafungua weka kwenye friji. Mbegu osha utelezi wote utoke, tandaza kwenye shuka jeupe juani, siku moja tu inatosha kwa jua la huku, geuza geuza na funika na chandarua maana njiwa watakuwa wamekuona. Ukishazikausha kaanga kidogo kavu kama ufuta.

Na ungo ninao, wa Tanga kabisa. Pitieni bustanini siku yoyote mchukue.