Mwakilishi wa wanafunzi katika bodi ya skuli: ana sauti au ana kiti tu?

Mtoto wa Wete:
Assalaamu alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Unguja, na tangu muhula huu uanze ninawawakilisha wenzangu katika bodi ya skuli yetu, yaani kitivo chetu hapo chuoni. Katika kikao changu cha kwanza nilikabidhiwa kabrasha mlangoni, ilhali wajumbe wengine walikuwa nalo tangu wiki iliyotangulia, na ilipofikiwa ajenda ya kupandisha alama za kazi za muhula kutoka 40 hadi 50 sikuwa na la kusema, kwa kuwa sikupata nafasi ya kuwauliza walionichagua. Baadaye, yalipoanza kujadiliwa matokeo ya mitihani, niliombwa nitoke nje. Je, kutolewa huko ni halali? Na mwakilishi afanye nini ili asiwe pambo la kikao?

Kijana wa Vuga:
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nilikalia kiti kama hicho kwa mwaka mzima, na nakushauri hilo la kutolewa nje usiligombanie. Matokeo ambayo hayajaidhinishwa ni siri ya kila mtahiniwa, na wewe ni mtahiniwa miongoni mwao. Kugombania mlango huo kutakuharibia heshima utakayoihitaji katika mambo mengine.

Kilichokuumiza hasa ni kabrasha. Mwandikie katibu wa bodi, kwa adabu lakini kwa maandishi, uombe makabrasha yakufikie siku ileile yanapowafikia wajumbe wengine. Kisha kaa na wawakilishi wa madarasa kabla ya kikao, ukawasikilize hata wanaokuchosha. Mimi niliwahi kusema "wanafunzi hawataki", na mhadhiri mmoja akaniuliza ni wangapi na wa mwaka gani. Nilinyamaza, na kusema kweli nilistahili kuulizwa. Kikao kilichofuata nilikwenda na maoni ya kila darasa katika karatasi moja, pamoja na ratiba ya mitihani iliyoonyesha mitihani miwili ya siku moja ndani ya Ramadhani, na ratiba ikabadilishwa bila mabishano.

Jambo jingine ni kwamba mengi huamuliwa idarani, ambako mtaala huandikwa, kabla hayajafika kwenye bodi, sembuse Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni. Huko juu mara nyingi hubakia kuidhinisha tu, kwa hiyo anza chini.

Mhadhiri Mstaafu:
Mwanangu, ongeza jambo moja: tafuta hati idhini ya chuo chenu, au sheria iliyokianzisha, pamoja na kanuni zake, usome zinavyosema kuhusu wajumbe wa bodi na Seneti. Ukishajua kama wewe ni mjumbe kamili au mwalikwa, utajua pia kama kabrasha ni haki yako au ni hisani ya katibu.

Viti hivi havikuja vyenyewe. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa hakijatimiza miaka miwili tangu kijitegemee, kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alifukuzwa baada ya kumwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi ya kulalamikia ubabe wa uongozi, na wenzake wakasusia masomo. Hoja yao waliichukua katika Mwongozo wa TANU wa mwaka huohuo, uliomkataza kiongozi majivuno na dharau. Nasi wahadhiri tulikuwa na kosa letu: tulimkaribisha mwanafunzi kikaoni, kisha tukazungumza kwa vifupisho asivyovijua.

Mtoto wa Wete:
Shukrani, Mwalimu, nawe kaka. Kanuni nimezipata maktaba leo mchana: mwakilishi ametajwa kuwa mjumbe, isipokuwa katika ajenda za mitihani. Barua ya katibu nimeshaiandika, na Jumamosi nitakutana na wawakilishi wa madarasa kuhusu hizo alama 50, kwani nimesikia kwamba ajenda hiyo bado haijapelekwa Seneti.