Naomba ushauri: kaunta inaruka kwenye ATtiny85

Asalaam alaykum wakubwa zangu, mie niko Wete, nimekwama siku ya tatu hii. Nimetengeneza kidude cha kupima maji yanayoingia tangini kwa ATtiny85, kichipu kidogo cha kuprogramu, flashi ya kuwekea programu baiti 8192 na ramu 512 tu, yaani hamna pa kujinyoosha. Kila palsi ya sensa inaita intarapti, yaani inakatiza programu kidogo, intarapti inaongeza kaunta ya biti 16. Nikikompaili kwa -O0, yaani bila kompaila kuboresha kodi, inafanya kazi lakini programu inakaribia kujaza chipu yote, nikaweka -Os ya kupunguza ukubwa, ikapungua vizuri ila lupu ikaganda, kaunta sifuri tu na bomba linamwaga! Nikaambiwa weka volatile kwenye kaunta, ili kompaila iisome upya kila mara, nikaweka, ikaamka.

Sasa balaa jipya, mara mojamoja inatoka 255 inaruka 511 halafu inarudi 256, kwa hesabu hiyo tangi lishafurika zamani lol. Nimebadili waya, nimebadili sensa, wapi.

Jamani, hii ni kwa vile prosesa ya biti 8 inasoma baiti mbili za kaunta kwa zamu na intarapti inaingia katikati, au kodi yangu mbovu? Na nikizima intarapti wakati wa kusoma tu, palsi zitanipotea?