Nibadilishe kamera au ninunue lenzi? Naomba ushauri, nipo Dodoma

Mkazi_wa_Nkuhungu

Habari za kazi, wakuu. Ninapiga picha za sherehe hapa Dodoma mjini kwa mwaka wa tatu sasa, na nimefika mahali ambapo nisipoomba ushauri nitatupa fedha. Ninatumia Canon EOS 2000D pamoja na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, ile ya 18-55mm yenye tundu la f/3.5-5.6. Picha za mchana hazinisumbui. Ubatizo, mahafali, familia zinazotaka picha pale Nyerere Square, zote hutoka vizuri na wateja huridhika. Shida huanza jua likishazama. Ndani ya ukumbi, kwenye sendofu na harusi, picha hujaa chenga, yaani vipunjepunje vya rangi, na bibi harusi akisogea kidogo tu wakati wa kukata keki mkono wake unakuwa kama moshi.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kisasa, mzazi wa binti aliyekuwa akiagwa, alikaa nami kwenye kompyuta tukapitia picha moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye picha ambayo binti anamlisha baba yake keki, alisogeza uso karibu na kioo akaniuliza, "Mwanangu, hapa mbona kama ulipiga gizani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tukio lile halirudiwi, na tangu siku hiyo limenikaa moyoni.

Nina akiba ya shilingi 1,800,000. Kuna muuzaji wa Dar es Salaam ana Canon 6D iliyotumika, bodi peke yake bila lenzi, na kila ninayemuuliza ananiambia kwamba fulufremu, yaani kamera yenye sensa kubwa ya kupokea mwanga kama hiyo 6D, haina chenga. Wengine wanasema nibaki na kamera yangu ninunue lenzi nzuri. Flashi niliyonunua mkononi mwa mtu haiwaki kabisa nikiiweka juu ya kamera, hivyo nimeifungia kabatini. Naomba mnisaidie kufikiri.

Fundi_Majengo

Ndugu yangu, kabla ya kumtumia fedha mtu yeyote, zifungue zile picha zilizokuuma na usome namba zake: tundu la lenzi (namba ya f/ ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kasi ya shata (1/40 ni sehemu ya sekunde) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kamera huandika namba hizo ndani ya kila picha, na zitakuambia ugonjwa ulipo kuliko mimi niliye mbali na ukumbi wako. Nikikisia, picha ya keki uliipiga ukiwa umevuta lenzi hadi 55mm, tundu likawa f/5.6, ISO 6400 na shata 1/40. Kama ndivyo, mkono ule ulipotea kwa sababu 1/40 haiwezi kumkamata mtu anayetembeza mkono, na chenga zimetokana na ISO kupandishwa juu sana ili kufidia tundu dogo. Hata kama lenzi yako ina kizuia mtikisiko, kazi yake ni kutuliza mikono yako wewe, si ya bibi harusi.

Sasa tupige hesabu. Lenzi ya 50mm yenye tundu la f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya ule unaopita kwenye f/5.6. Maana yake, katika ukumbi uleule na kwa taa zilezile, badala ya ISO 6400 na 1/40 ungepiga kwa ISO 1600 na 1/100, ukapunguza chenga na kumkamata bibi harusi kwa pamoja. Kwa upande wa bodi, sensa ya 6D ina eneo kubwa kuliko ya kwako kwa takriban mara 2.6, na huo ndio mwanga wa ziada utakaoupata ukitumia tundu lilelile. Ni faida ya kweli, siikatai, lakini ukiweka mara 2.6 kwenye mizani na mara kumi, huku ukijua kwamba 50mm f/1.8 mpya kwa kawaida haimalizi robo ya akiba yako, mimi sioni pa kusita.

Liko jambo jingine ambalo huenda muuzaji hakukuambia. Tazama mdomo wa kamera yako pale lenzi inapofungwa: utaona nukta nyekundu na kiboksi cheupe. Nukta nyekundu ni ya lenzi za EF, kiboksi cheupe ni cha EF-S. Lenzi yako ya 18-55mm ni EF-S, na 6D ina nukta nyekundu peke yake, kwa hiyo haitaingia. Ungetoka Dar es Salaam na bodi nzuri isiyo na cha kuvaa. Kinyume chake, 50mm ni EF, hivyo inafanya kazi kwenye 2000D leo, itafanya kazi kwenye 6D ukiinunua baadaye, na kwa adapta itaingia hata kwenye kamera za Canon za mfumo wa RF ulioanza mwaka 2018.

Lakini usiichukue 50mm kama dawa ya kila kitu. Kwenye sensa yako inaona finyu, kama 80mm kwenye fulufremu. Ili upate mtu mmoja wima kutoka kichwani hadi miguuni unahitaji kurudi nyuma kama meta nne na nusu, na kwa ndugu waliojipanga upana wa meta sita unahitaji zaidi ya meta 13. Katika kumbi zetu, kwa namna meza zinavyobanwa, utajikuta umefika jikoni kwa wapishi. Picha za kundi endelea kuzipiga kwa 18-55mm. Vilevile, ukiwa umbali wa meta mbili kwa f/1.8, sehemu iliyo makini, yaani inayotoka bila ukungu, ni kama sentimeta 11 tu, hivyo bibi harusi anaweza kutoka safi na bwana aliye nyuma ya bega lake akawa ukungu. Wakiwa wawili, funga tundu hadi f/2.8, ambayo bado inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6.

Binti_Mvumi

Hesabu za Fundi ni sahihi, ila naomba nitofautiane naye kidogo, kwa kuwa bodi ina thamani ambayo haionekani kwenye chenga wala kwenye ISO.

Miaka minne iliyopita nilipiga harusi ya ndugu wa rafiki yangu nikiwa na lenzi mbili nzuri sana na bodi yenye nafasi ya kadi moja. Ibada ilikwenda vizuri, tukahamia ukumbini, na nilipomaliza kupiga maharusi wakiingia, kamera ikaniambia kadi haisomeki. Nilijaribu kuokoa picha kwa programu, nikampelekea fundi mmoja, na mwisho nilipata vipande vya ibada tu. Nililazimika kwenda kwa familia ile, kukaa sebuleni kwao na kuwaeleza wazee kwamba picha za binti yao akiingia ukumbini hazipo. Hawakunigombeza. Walinyamaza, na ningependelea wangenigombeza. Tangu hapo siendi harusini bila bodi yenye kadi mbili inayoandika kila picha mara mbili, na kwa Canon za kizazi hicho nilipata faraja hiyo kwenye 5D Mark III, si kwenye 6D, ambayo nayo ina nafasi moja tu. Kwa hiyo, kaka, hata ukiamua kubadilisha bodi, 6D haitakuondolea hatari hii.

Kwa akiba uliyo nayo sikushauri uifukuzie 5D Mark III sasa, kwani utaipata imechoka, na ikiharibika shata utakuwa huna kamera wala akiba. Nunua lenzi, kama alivyosema Fundi. Lakini kwa harusi kubwa tafuta mwenzako mwenye bodi ya kadi mbili mkubaliane kukodishana, na gharama hiyo iingize kwenye bei unayompa mteja tangu mwanzo. Siku utakazotumia 2000D, beba kadi tatu au nne ndogo badala ya moja kubwa, na ubadilishe kila hatua ya sherehe inapokwisha. Ikifa moja, hutapoteza siku nzima.

Kolo_Kondoa

Mimi swali langu ni kuhusu ile flashi ya kabatini. Chukua kamera, angalia juu yake pale flashi inapochomekwa. Je, katikati kuna kile kiduara kikubwa cha chuma, au kuna vile vidoti vidogo peke yake? Canon waliondoa kiduara cha katikati kwenye 2000D na 4000D, na flashi nyingi za bei nafuu za makampuni mengine hutegemea kiduara hicho kupewa amri ya kuwaka. Inawezekana flashi yako ni nzima, ila kamera haina namna ya kuiambia. Flashi za Canon zenyewe za kundi la EX, kama 430EX II, hutumia vile vidoti vidogo, kwa hiyo zitawaka.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ukumbini flashi iliyoelekezwa juu huleta mwanga ambao hakuna lenzi wala bodi itakayoutengeneza pasipo kuwapo. Tazama tu dari kwanza. Wapambaji wetu wanapenda kulifunika kwa vitambaa. Vikiwa vyeupe umebarikiwa, vikiwa vya zambarau uso wa bibi harusi utakuwa wa zambarau, na hapo elekeza flashi kwenye ukuta mweupe ulio nyuma yako.

Jingine ni vumbi. Ukianza kubadilisha lenzi hapa kwetu wakati wa kiangazi, sensa italia. Zima kamera, igeuze mdomo uelekee chini, na uwe umeikamata lenzi ya pili tayari, mfuniko wake umelegezwa. Usipulize kwa mdomo hata siku moja, maana mate yakigusa sensa ni kazi nyingine. Nunua pampu ya mpira ya kupulizia.

Mkazi_wa_Nkuhungu

Wakuu, nimekaa jana usiku nikafanya yote mliyoniagiza. Nilifungua picha 212 za sendofu ile. Zile alizozilalamikia mama wa Kisasa karibu zote ni f/5.6 na ISO 6400, na ya keki ni 1/30, mbaya kuliko alivyokisia Fundi. Nilizopiga kwa 18mm, ambako tundu hufunguka hadi f/3.5, zina nafuu inayoonekana kwa macho. Sikuwahi kuzisoma namba hizi kwa miaka mitatu yote.

Na flashi, kaka wa Kondoa, umenishangaza. Nilimulika juu ya kamera kwa tochi ya simu: vidoti vinne vidogo vimepangana, katikati ni plastiki tupu. Asubuhi nilimpelekea jirani mwenye Nikon ya zamani akaichomeka, ikawaka mara ya kwanza. Amekubali kuinunua.

Dada wa Mvumi, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Nina kadi moja ya GB 64 ninayopigia kila kitu, na usingizi ulichelewa kunijia.

Uamuzi wangu ni 50mm f/1.8, flashi ya EX iliyotumika na kadi nne ndogo. Zitakazobaki nitaziweka kwa ajili ya bodi ya baadaye. Lenzi nimeipata ya mtu, pia Dar es Salaam, na anataka nimtumie fedha kwa simu aniwekee kwenye basi. Je, nikubali?

Fundi_Majengo

Usikubali, mdogo wangu. Panda treni ya SGR asubuhi, ukaishike mwenyewe, jioni umerudi. Pwani kuna unyevu ambao sisi huku hatuna, na lenzi iliyokaa ndani ya begi kwa muda mrefu huota kuvu ndani ya vioo. Toa mifuniko yote miwili, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie kwa upande wa pili, ukiinamisha lenzi taratibu. Punje chache za vumbi zisikutishe. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, hasa kuanzia ukingoni, irudishe na uondoke hata akipunguza bei.

Kisha ifunge kwenye kamera yako, uende na kadi yako, piga kitu chenye maandishi ukiwa umbali wa meta mbili kwa f/1.8, ukuze picha kwenye kioo, uone kama maandishi uliyoyalenga ndiyo yaliyotoka makini. Sikiliza pia mota wakati inatafuta fokasi. 50mm f/1.8 ya toleo la STM, iliyotoka mwaka 2015, ni tulivu. Ile ya toleo la zamani, la II, hulia kama nyuki, na ibadani padri atakugeukia. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua STM.

Mkazi_wa_Nkuhungu

Nimerudi nayo, wakuu. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa na nyuzi zile ukingoni, nikaiacha. Hii niliyochukua dukani ni STM, safi. Jana usiku nilimpiga binti yangu akila ugali sebuleni kwa taa moja ya kawaida, f/2, ISO 1600, 1/100, na punje za unga kwenye vidole vyake zinahesabika. Jumamosi nina kipaimara na sherehe yake ukumbini. Nitawaletea namba za picha za huko, tuzisome pamoja.