Koho wa Puget Sound: kuvulia ufukoni, kwa kayaki, au kununua boti ndogo?

MgeniWaMaji (Kent, Washington)

Habari zenu wavuvi. Naomba ushauri kabla sijatumia fedha. Ninaishi Kent, kusini mwa Seattle, na ningependa kuanza kuvua samoni aina ya koho katika Puget Sound, ghuba ndefu ya bahari hapa Washington, kuanzia mwishoni mwa Agosti, wakati wanaporudi kutoka baharini kuelekea mito waliyozaliwa. Njia ninazozifikiria ni tatu: kusimama ufukoni na kurusha chambo bandia, kununua kayaki, au kununua boti ya alumini ya futi 14 ambayo jirani yangu anaiuza pamoja na mashine na tela lake. Nimekulia Tanga, ambako nilivua nguru kwa kuburuta mshipi nyuma ya boti, kwa hiyo bahari si ngeni kwangu, lakini maji haya baridi na sheria zake ni mambo mapya kabisa. Sitafuti njia inayopendeza kuliko zote, bali ile itakayompa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki nafasi ya kweli ya kurudi nyumbani na samaki.

PwaniYaHansville

Karibu, ndugu. Ushauri wangu ni kwamba uanze ufukoni, na sababu ya kwanza ni namna samaki hawa wanavyosafiri. Koho huingia kwa mlangobahari wa Juan de Fuca, wakazunguka Point Wilson, kisha wakapita Admiralty Inlet, mlango mwembamba ambamo sehemu kubwa ya maji ya Puget Sound hulazimika kuingia na kutoka kila maji yanapojaa na kupwa. Pale rasi inapochomoza na kina kikashuka ghafla karibu na nchi kavu, mkondo huwasogeza samaki na vidagaa wanaowala hadi umbali ambao mtu mwenye fimbo nzuri anaweza kuufikia. Ndiyo maana Bush Point na Lagoon Point, upande wa magharibi wa kisiwa cha Whidbey, Point No Point hapa kwetu, na Lincoln Park kule West Seattle hujaa wavuvi mwezi Septemba. Kwako wewe, Lincoln Park ndiyo ya karibu.

Vifaa si vingi: fimbo ya futi 9 hivi, mshipi wa kusuka, na chambo vya chuma au risasi kama Buzz Bomb na Point Wilson Dart. Kinachomshinda mgeni ni mkono. Buzz Bomb imetobolewa katikati ili iteleze juu ya mshipi, nayo ndoana hufuata chini yake. Ukishairusha, iache izame kidogo, inua ncha ya fimbo kwa nguvu, kisha ishushe huku mshipi ukilegea, kwa sababu ni katika kuanguka ndipo chambo kinapotetemeka kama samaki aliyejeruhiwa, na mara nyingi koho hushika wakati huo huo. Anayevuta moja kwa moja bila kusimama hupata wachache. Ukianza kuinua tena ukahisi uzito ambao haukuwapo, usisubiri, kaza mara moja.

Fika kabla ya kupambazuka. Ukiweza kuchagua siku, chagua ile ambayo maji yanageuka karibu na mapambazuko.

NahodhaMdogo (Tacoma)

Ninamheshimu mwenzangu wa Hansville, lakini ameeleza saa mbili za kwanza za siku na kuziacha zilizobaki. Alfajiri koho huwa karibu na uso wa maji na karibu na nchi kavu. Jua likipanda, wengi hushuka na kusogea katikati ya mkondo, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu utakaofikisha chambo. Aliyeko ufukoni hufunga vitu vyake, ilhali mwenye boti humfuata samaki.

Kwa boti ya futi 14 unaburuta polepole kiasi kwamba ndugu yetu wa Tanga ataona ajabu: kama maili za baharini mbili na nusu hadi tatu na nusu kwa saa, na hiyo ni mwendo wa haraka ukilinganisha na ule unaotumika kwa samoni aina ya chinook. Mshipini hutangulia kibao cha plastiki kinachong'aa, chenye urefu wa inchi 11, ambacho huzunguka na kuwavuta samaki kwa mwanga na msukosuko wake. Nyuma yake, kwa urefu wa mkono mmoja hivi, hufuata ngisi bandia au kipande cha heringi. Alfajiri ninaanza na kina cha futi 20 hadi 60, na kadiri mwanga unavyoongezeka ninashuka hadi futi 100 au zaidi. Mtambo wa kuteremsha risasi nzito ndio unaokuwezesha kujua kina chako kwa uhakika, lakini anayeanza anaweza kutumia kibao cha kuzamishia mshipi, ambacho ni rahisi na hakihitaji kufungwa kwenye boti.

Zaidi ya kina, tafuta mahali mikondo miwili inapokutana. Utaiona kama mstari juu ya maji, wenye povu, mwani na vipande vya magogo, upande mmoja ukiwa laini na mwingine una viwimbi. Vidagaa hukwama hapo. Pita kando ya mstari huo, usiukate, maana mwani utakushika kabla ya samaki.

Gharama ninazikiri: petroli, usajili, ada za mahali pa kushushia boti, na matengenezo ya mashine. Hata hivyo, kwa mtu mwenye siku mbili tu za mapumziko, boti humwongezea saa za kuvua.

MamaSamaki (Edmonds)

Kaka zangu, mmezungumza kuhusu samaki, nami naomba nizungumzie maji. Maji ya Puget Sound huwa baridi hata mwezi Agosti, na mtu akianguka humo pumzi humkatika ghafla, akavuta hewa bila kukusudia, na ndani ya dakika chache mikono inakataa kumtii hata kama ni mwogeleaji hodari wa kutoka pwani yetu. Kwa sababu hiyo kayaki ninaiweka mwisho kwa anayeanza. Ni nafuu, ni kimya, na inapita mahali boti haipiti. Lakini kuitumia ipasavyo kunahitaji nguo maalumu isiyopenyeza maji, redio, na mazoezi ya kupanda tena ukiwa umepinduka. Ukizihesabu gharama hizo, unafuu wake unapungua sana.

Kuhusu boti ya jirani, fahamu kwamba njia kuu za meli za mizigo na feri hupita pale pale koho wanapopatikana asubuhi ikishapanda. Meli kubwa haiwezi kukukwepa, na wimbi lake hufika baada ya yenyewe kupita, wakati wewe umeinama ukishughulika na wavu. Sheria ya Washington inataka kila aliyemo awe na jaketi lake la kuokolea maisha, na watoto wa miaka 12 au chini ya hapo walivae wakati wote boti ikiwa safarini, iwapo ina urefu usiofika futi 19. Mimi ninasema watu wazima pia walivae. Vilevile, mashine ikiwa na nguvu ya farasi 15 au zaidi, anayeendesha anahitaji kadi ya mafunzo ya boti.

MwanafunziWaMito (Olympia)

Kuna tofauti moja kati ya ufuko na boti ambayo haijatajwa, nayo ni namna unavyomrudisha samaki usiyeruhusiwa kumchukua. Koho wanaototolewa katika vituo vya kuzalishia hukatwa pezi dogo la nyama lililo mgongoni karibu na mkia. Wa porini wanalo. Katika baadhi ya maeneo na misimu unaruhusiwa kubaki na aliyekatwa pezi peke yake, na kwingine koho yeyote. Ukiwa kwenye boti, huruhusiwi hata kumpandisha ndani samoni usiyeruhusiwa kubaki naye: unamfungua akiwa majini. Ufukoni kishawishi ni kumburuta juu ya changarawe ili umtazame vizuri, na huko ndiko magamba yake yanakobanduka. Msimamie ndani ya maji, mshike ubavuni, tazama pezi, kisha amua. Ndoana zisizo na kijino ni lazima kwa samoni katika maji ya bahari ya jimbo hili, na ndizo zinazorahisisha kazi hiyo.

Jifunze pia kumtofautisha na chinook, ambaye katika Puget Sound amewekwa katika orodha ya shirikisho ya viumbe walio hatarini tangu 1999. Fungua kinywa: ufizi wa koho ni mweupe pale meno yanapoota, ule wa chinook ni mweusi. Tazama mkia: koho ana madoa sehemu ya juu tu, chinook anayo juu na chini.

Kanuni hupangwa upya kila mwaka kwa mashauriano kati ya jimbo na makabila ya wenyeji wa asili wenye haki za uvuvi kwa mikataba yao na serikali ya Marekani, ambao tangu hukumu ya 1974 ya Boldt, jaji wa mahakama ya shirikisho, wana haki ya hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mwaka 2016 makadirio ya koho yalikuwa mabaya kiasi kwamba uvuvi wa samaki hao ulifungwa katika sehemu kubwa ya Puget Sound. Aliyekuwa amenunua boti mwaka huo kwa ajili ya koho aliitazama ikiwa juu ya tela. Jambo hili linanisikitisha zaidi ninapokumbuka kwamba madhara mengine yanatoka barabarani: mwaka 2020 watafiti wa hapa Washington walionyesha kuwa kemikali inayotokana na mpira wa matairi, ikisombwa na mvua hadi vijitoni, huwaua koho kabla hawajataga. Longfellow Creek, kijito cha West Seattle, kinapita mwendo mfupi tu kutoka ufuko huo wa Lincoln Park.

PwaniYaHansville

Hoja ya 2016 ndiyo inayonifanya nisisitize. Msimu ukifungwa, fimbo ya ufukoni inasubiri kabatini bila kudai chochote. Ninakubaliana na Nahodha kwamba saa za ufukoni ni chache. Hata hivyo, mtu wa Kent anaweza kuzitumia saa hizo kabla ya kazi, jambo ambalo mwenye tela la kuvuta na foleni ya kushushia boti hawezi.

MgeniWaMaji (Kent, Washington)

Nawashukuru nyote. Hoja ya kuvua kabla ya kazi imenigusa, kwa kuwa zamu yangu huanza saa nne asubuhi. Nimeamua msimu huu niwe wa ufukoni Lincoln Park, na boti ya jirani nisiinunue mpaka nitakapokuwa nimetoka na mtu mwenye boti yake nikaona kazi ilivyo. Swali la mwisho: nikimpata samaki saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naye atakaa garini hadi jioni, nimhifadhi vipi?

NahodhaMdogo (Tacoma)

Mwandike kwanza kwenye kadi yako ya kumbukumbu ya samaki, papo hapo, kabla ya kurusha tena. Kisha mkate matamvua, mwache atoke damu yote majini, mtoe matumbo, na umfukie kwenye barafu iliyosagwa ndani ya sanduku lenye tundu la kutolea maji, ili asielee ndani ya barafu iliyoyeyuka. Nyama ya koho hulainika upesi kuliko ya chinook, kwa hiyo barafu inunue jioni ya kuamkia siku hiyo. Kuhusu kutoka na boti, niandikie kwa faragha. Ninayo nafasi ya mtu mmoja Jumamosi nyingi za Septemba, na jaketi la ziada lipo.