Ushauri wa haraka: Leeds hadi Southampton kwa gari, nataka kupitia London watoto waone ile michoro ya kwenye kuta

Mgosi wa Kaskazini (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi na Jumamosi siyo mbali. Naishi Leeds, natoka na familia, mke na watoto wawili, mmoja miaka tisa mwingine mitano, tunashuka na gari mpaka Southampton. Nimeona nikunje kidogo niingie London tupite Frameless pale Marble Arch, ile sehemu wanamulika michoro ya kina Van Gogh na Monet kuta zote na sakafu, unakuwa kama umetumbukia ndani ya picha. Swali langu ni moja tu, niingie saa ngapi nisikutane na umati, na je saa moja na nusu inatosha? Tukitoka hapo tunalala kwa mtu Reading siku mbili, halafu Jumatatu kabla ya saa sita mchana gari liwe Southampton. Wenye uzoefu tafadhali, mizaha pelekeni jukwaa lake.

mama Tunu
Mizaha utaipata tu, umekuja mwenyewe 😂 Sisi tulienda mwaka jana na wanangu. Saa moja na nusu inatosha kabisa, kuna kumbi nne na kila ukumbi una picha zake zinajirudia, kwa hiyo ukikosa mwanzo unakaa chini unasubiri izunguke. Nenda asubuhi, mchana panajaa. Ila kuna ule ukumbi wa rangi, mtoto akikanyaga sakafu rangi zinamkimbia miguuni kama majani makavu yakipigwa na upepo, hapo ndo mtaganda. Wangu mdogo nilimtoa nimembeba begani analia.

Kipanga Mweusi
Yaani mtu mzima unalipa hela ukaangalie projekta. National Gallery ipo London hiyohiyo, Trafalgar Square, kuingia bure, Alizeti za Van Gogh zipo ukutani, alichora 1888 kwa mkono wake, rangi imevimba mpaka inatoa kivuli. Mimi ni mtu wa Singida, alizeti nimezipalilia nikiwa na miaka saba, sina hamu nazo, lakini zile nilisimama.

Dereva Mstaafu
Mambo ya michoro mimi simo. Ila hiyo sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara tatu. "Jumatatu kabla ya saa sita mchana GARI LIWE Southampton." Mtu anayekwenda kutembea anasema tuwe. Gari linakwenda wapi, na nyie mnarudije Leeds?

Mgosi wa Kaskazini
Mkuu tutarudi na treni, hilo halihusiani. Nimeuliza muda wa kuingia. Mama Tunu asante sana, ila tiketi nimeshakata za saa nane na nusu mchana maana asubuhi tutakuwa barabarani.

mama Tunu
Sasa kama umeshakata unauliza nini?

MtuWaPwani254
Buda jibu swali la mzee. Alafu hiyo gari ni gani, petroli ama dizeli? Nauliza kwa sababu mimi nilikulwa faini nikiwa sijui. London yote siku hizi ni ULEZ, yaani eneo la kutoza magari yenye moshi mchafu, tangu Agosti 2023 wamepanua mpaka pembeni kabisa, masaa 24, siku ya Krismasi peke yake ndio wanapumzika. Dizeli kama si Euro 6, kile kiwango cha moshi msafi, na nyingi za kabla ya 2015 si Euro 6, ni pauni 12.50 kwa siku. Usipolipa ni 180, ukiwahi ndani ya wiki mbili wanakupunguzia nusu. Barua haiji kwa dereva, inaenda kwa mwenye jina kwa logbook, kadi ya gari.

Mgosi wa Kaskazini
X-Trail ya dizeli, 2012. Hiyo 12.50 nitalipa, siyo tatizo.

Dereva Mstaafu
Logbook ina jina la nani?

Kipanga Mweusi
Kimya.

Kipanga Mweusi
Nusu saa sasa. Mgosi upo hewani tunakuona 🟢

Mgosi wa Kaskazini
Sawa. Msije mkanishambulia lakini. Gari linapanda meli, linakwenda Dar. Ni la shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yuko Mwanza, alinitumia hela nikamtafutia huku, na kwa kuwa yeye hayupo Uingereza nikaliandikisha kwa jina langu, kwa hiyo kwenye karatasi gari ni langu mpaka sasa hivi ninavyoandika. Akanitumia hela ya kujaza tangi na posho ya siku moja ya kulipeleka bandarini. Bima ya muda nimekata mwenyewe siku tatu, kodi ya barabara ipo. Sasa jamani miezi mitano gari langu mwenyewe limekufa, watoto likizo nzima wako ndani wanaangalia mvua dirishani, halafu nina gari zima la viti vitano naliendesha kutoka kaskazini hadi kusini ya nchi nikiwa peke yangu kama mlinzi? Na jambo lingine, wakala wa meli ameandika kabisa gari lifike na mafuta yasiyozidi robo tangi. Shemeji kajaza tangi. Hayo mafuta LAZIMA yaungue, yataungua wapi? Mimi sijaona kosa hapo.

Bi Mkubwa wa Bububu
Mwanangu, ile ni amana. Jina lako, pesa yake. Amana haivaliwi, haipandwi, wala haipelekwi kutazama mapicha. Shemeji yako anajua?

Mgosi wa Kaskazini
Hajui kwa undani.

Bi Mkubwa wa Bububu
Na mkeo?

Mgosi wa Kaskazini
Mke wangu anajua shemeji ameruhusu.

mama Tunu
Uwiiiii 🙆🏾‍♀️ anajua kitu ambacho hakipo. Yaani hapo sasa siyo gari tena. Siku kaka mtu akipiga simu aseme "poleni na safari" wewe utajificha wapi?

Dereva Mstaafu
Hahaha kumbe IT, gari la mteja linalopita njia kwenda nchi nyingine! Mgosi unaendesha IT ya Uingereza! Wacha nikupe yangu. Mimi nimeendesha IT toka bandari ya Dar hadi Tunduma miaka tisa, gari za wateja wa Zambia na Kongo, na kila dereva wa IT anajua ukishatoka Kibaha unaanza kuokota abiria, ni kosa, kila mtu anajua ni kosa na kila mtu anapanda. Siku moja nina Harrier nyeupe, nailoni hazijatoka kwenye viti, pale Ruaha Mbuyuni nikampakia mama mmoja na mwanae wanashuka Makambako, ana kiroba, nikamuuliza mama kuna nini humo akasema nguo. Haya. Kitonga tumepanda, Iringa tumepita, wameshuka salama, nimefika Tunduma nimeipangusa gari inang'aa, mteja kaja, Mzambia mpole kabisa, kafungua mlango wa nyuma kaingiza kichwa, katulia hivi, kautoa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuunga, "bwana, hii gari ilikuja na samaki?" Dagaa jamani. Kile kiroba kilikuwa dagaa. Nikamwambia ni harufu ya bahari, gari imetoka melini. Hakunilipa bonasi na tajiri hakunipa gari miezi miwili. Kwa hiyo ushauri wangu mimi wa London siujui, ila watoto wasile chochote ndani ya hilo gari. Hata biskuti.

Kipanga Mweusi
"Harufu ya bahari" 😂😂😂 nimemwaga chai.

MtuWaPwani254
2012 kwetu Kenya haingii, miaka minane ndio mwisho. Nyinyi watu wa Bongo mnafaidi. Lakini Mgosi, kama lazima uende, usiingize hiyo dizeli London. Unashuka na M1, unatoka Watford, iko nje ya ULEZ kwa sababu si Greater London. Unapaki karibu na Watford Junction, treni mpaka Euston dakika ishirini hivi. Hapo Victoria line vituo viwili hadi Oxford Circus, unabadilisha Central line, Bond Street, Marble Arch, umefika. Watoto nao watafurahia treni kuliko hizo picha, trust me.

Mgosi wa Kaskazini
Huu sasa ndo ushauri. Ubarikiwe. Unaona Bi Mkubwa, na gari la shemeji linapumzika Watford, halisumbuliwi.

Bi Mkubwa wa Bububu
Linapumzika likiwa limekuja kufanya nini Watford?

Mpelelezi Huru
Wadau punguzeni huruma, hii ni CHAI, hadithi ya kutunga. Nimepita kwenye nyuzi za huyu jamaa. Mwezi wa tatu alifungua uzi anaomba ushauri wa kufuga sungura Korogwe, "nina eneo langu nusu eka, maji yapo". Leo yuko Leeds ana mke, X-Trail na Van Gogh. Miezi mitano mtu anatoka kwenye banda la sungura hadi Marble Arch? Halafu angalieni mama Tunu alivyokuwa wa kwanza kujibu na kusifia ukumbi wa rangi. Hii ni ID mbili za mtu mmoja, wanatangaza biashara.

mama Tunu
Wewe nikome. Mimi nipo humu kabla hujanunua simu. Nitangaze nini, nalipwa na nani, nina kodi ya nyumba mwezi huu hata sijui naitoa wapi.

Kipanga Mweusi
Sungura lakini 😂 Mgosi jibu la sungura tunaomba.

Mgosi wa Kaskazini
Sungura ni wa mdogo wangu, eneo ni letu la urithi, mimi ndo natuma hela ya vyakula, niliandika "nina" kwa sababu hela ni yangu. Na wamekufa wote kama mnataka kujua.

Bi Mkubwa wa Bububu
Wa mdogo wako, ila hela yako basi ni wako. Gari ni hela ya shemeji, jina lako, basi ni lako. Hesabu zako mwanangu zina mlango wa nyuma.

Dereva Mstaafu
Bibi ameua.

Mpelelezi Huru
Weka picha ya tiketi na dashibodi ndani ya dakika kumi, jina funika. La sivyo uzi ufungwe.

Mgosi wa Kaskazini
[picha] Hiyo hapo. Tiketi nne, Jumamosi, 14:30. Usukani huo na mvua ya Leeds nje. Umeridhika?

Mpelelezi Huru
Picha inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Kipanga Mweusi
Ebu vuteni karibu jamani. Mshale wa mafuta umelala kwenye F. Kwenye F kabisa! Tena pale chini ya gia kuna kalamu ya rangi, ile ya watoto, ya kijani. Mgosi hilo gari watoto wameshaanza kulipanda zamani.

Mgosi wa Kaskazini
Nilikuwa nalijaribu tu hapa mtaani kuona breki.

Kipanga Mweusi
Na kalamu ya kijani ndo ilikuwa inakagua breki 😂

mama Tunu
Kipanga wewe uliyesema waende kuangalia michoro halisi, nikuulize. Mle Frameless kuna ile picha ya Rembrandt ya mashua na dhoruba ya ziwa Galilaya, ya 1633. Yenyewe iliibiwa makumbusho moja ya Boston mwaka 1990 na mpaka leo haijapatikana. Hiyo halisi ataiona wapi? Pale unakaa chini, mawimbi yanapanda ukuta mzima, mume wangu alishika nguzo.

Kipanga Mweusi
Sawa nakubali hapo umenishika. Kwa hiyo anakwenda kutazama mali ya wizi akiwa kwenye gari la kuazima bila kuazimwa. Inaendana.

Dereva Mstaafu
Mgosi sikiliza, sikupigii kelele maana mikono yangu siyo safi. Mpigie shemeji leo, usimwombe, mwambie tu: "shemeji nakwenda na dada yako na wajomba zako kulisindikiza gari." Sindikiza. Neno zuri hilo. Mtu gani atakataa gari lake lisindikizwe na dada yake? London usiitaje kama hajauliza.

Bi Mkubwa wa Bububu
Huo nao uongo, umevalishwa kanzu.

Mgosi wa Kaskazini
Nitampigia kesho. Saa hizi Mwanza usiku.

MtuWaPwani254
Mwanza ni saa mbili mbele tu bro, saa hizi ni saa tatu usiku. Watu wanaangalia taarifa ya habari.

*— Jumapili —*

mama Tunu
Mgosi upo? Mlifika?

Mgosi wa Kaskazini
Tulifika. Gari nililiacha Watford kama nilivyoshauriwa, treni ikachelewa, tukaingia saa tisa kasoro lakini hawakutusumbua. Ukumbi wa rangi ni kweli kabisa mama Tunu, mdogo alikuwa anaruka kwa miguu miwili, anasimama kuangalia kama zimekufa, anaruka tena, kila zikimkimbia anacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Ila aliyenishangaza ni mke wangu. Yeye ni Mkerewe, amekulia kwenye mitumbwi. Ile dhoruba ilipoanza watu wote kimya, wengine wanapiga picha, yeye kakunja mikono anaangalia, halafu kaniambia kwa sauti ya kawaida tu kama yuko nyumbani, "mbona hawatupi mizigo majini?" Mzungu wa pembeni akageuka. Akaendelea, "na tanga lile wangelishusha mapema, kaka alishatufundisha." Basi kutaja kaka, akatoa simu hapohapo, akampigia amwonyeshe video.

Dereva Mstaafu
Eeeeh.

Kipanga Mweusi
ENDELEA

Mgosi wa Kaskazini
Shemeji kaangalia mawimbi kasema safi sana, hiyo ndo bandari ya Southampton?

mama Tunu
😭😭😭😭 ukajibuje

Mgosi wa Kaskazini
Mtandao ulikata.

Bi Mkubwa wa Bububu
Ulikata wenyewe?

Mgosi wa Kaskazini
Wakuu yaliyopita yamepita, nina swali lingine la haraka. Nipo Reading, kesho kabla ya saa sita nakabidhi gari, na mshale bado uko nusu tangi. Wakala anataka robo. Hivi Stonehenge kutoka hapa ni mbali? Naona kama iko njiani.

Dereva Mstaafu
Mgosi!

MtuWaPwani254
M3 alafu A303, saa moja na kidogo. Sijasema uende.