Misa, Matawi na barabara za Lubumbashi: mutu apige foto bila kuuliza?

Mupiga Foto wa Kamalondo
Bandugu, ninaleta hii mambo hapa juu inatugawanya tangu siku ya Mungu, ku WhatsApp ya korali batu habasalimiane tena. Padri wa paruwasi moja (sitaitaja) alitangaza mbele ya baraka ya mwisho kama ndani ya kanisa hakuna tena kupiga foto, paka timu ya paruwasi yenye iko na baji, hata telefone hapana, hata kama ni ubatizo ya mutoto wako mwenyewe. Bengine balipiga makofi. Siye benye tunapenda foto tulinyamaza, lakini hapa sinyamaze.

Wazo yangu ni hii. Maandamano ya Jumapili ya Matawi, batoto ba komunyo na mishumaa, korali imevaa kitenge moja, soko ya komini yetu ya Kenya asubuhi, bashabiki ba Mazembe banashuka kutoka stade, bile byote ni maisha ya muji, mutu apige na aonyeshe. Mutu mwenye anapiga magoti na machozi inatoka, yule uulize kwanza, akikataa ufute mbele yake aone. Padri angesema vile ningemuunga mukono. Lakini kufunga mulango yote juu ya bijana babili batatu benye banapiga foto bila haya? Foto mingi ya zamani ya huu muji ilipigwa na Babeleji. Kampuni yao ya shaba, Union Minière, ilisimamisha bafanyakazi mustari ikabapiga foto, na ule mubaba wa mustari wa mbele hakuna mwenye alimuuliza kama anataka. Leo aparei ya foto iko mu mukono yetu benyewe, njo tunaambiwa turudishe mu mufuko.

Semeni. Bila matusi tafadhali.

Mama Soprano Katuba
Mudogo wangu, unasema bizuri lakini weye hauimbi, uko nyuma ya aparei. Mi nilipigwa foto mu korali, mudomo wazi mpaka unaona meno yenye niling'oa, ikawekwa Facebook saa sita. Saa nane mama moja wa soko mwenye ananidai ananipigia simu: "Ahaa, kitenge mupya unavaa, na pesa yangu?" Ile kitenge ni ya korali, tunailipa kidogo kidogo, sijamaliza mpaka sasa! Sasa nimweleze nani? Foto haisemi kama kitenge ni ya deni. Nilikuya kuimbia Mungu, sikukuya kuonyesha bakopeshaji mahali niko. Padri amefanya muzuri.

Fundi wa Mlangoni
Mama pole, ile kitenge imenichekesha kabisa. Lakini muache niwaambie kitu yenye hamusemi. Miye kazi yangu ni foto ya ubatizo na ndoa, niko mulangoni ya kanisa tangu zamani. Namna tunafanya: unapiga wakati mutoto anamwagiwa maji, unakimbia na moto kwa mwenye mashini ya kutoa foto, misa inaisha uko tayari unazipanga pale chini ya ukuta, moja moja, batu banainama banajitafuta. Bibi anajiona anacheka, ananunua mbili, ya kwake na ya dada yake wa Likasi. Kijana anajiona anasema "nimetoka vibaya" anaenda. Ile hainunuliwe inajikunja na jua, hasara ni yangu. Hakuna mutu alinilalamikia kama nimemuibia sura. Walilalamika bei tu.

Sasa ile timu ya baji, ulizeni foto yao ni bei gani. Yenye niliuza ku ukuta, bao banaiuza ku biro ya paruwasi karibu mara mbili. Hii mambo ya heshima ya sala ni ya kweli, sikatae, lakini soko imefungwa na tunaimbiwa zaburi juu yake.

Kaka Sheria
Ngoja tutenganishe mambo, maana mnachanganya sehemu tatu tofauti.

Ndani ya kanisa ni kwa mwenye nyumba. Padri ana haki ya kusema hapa hakuna foto, kama vile anavyoweza kusema vua kofia. Mtapiga kelele lakini hapo hamna kesi.

Barabarani ni kitu ingine. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi ya kila mtu, na kifungu cha 23 inalinda uhuru wa kujieleza, zote mbili ziko kwenye karatasi moja na ndiyo sababu mjadala huu hauishi. Halafu kuna Kode ya Numeriki, sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 inayoongelea data za watu. Kwa hiyo kupiga foto ya umati wakati wa Matawi si sawa na kukata uso wa mama mmoja, kuukuza na kuuweka kwenye afishi ya kuomba misaada. Umati ni tukio. Ule uso ni mtu, na akijitambua anaweza kuja kukuuliza.

Sehemu ya tatu mnaijua wote: kambi, askari, kiwanja cha ndege, ofisi za serikali. Pale hakuna mtu atakusomea kifungu, telefone inachukuliwa kwanza maelezo baadaye. Ni tabia tuliyorithi tangu enzi za Mobutu na bado inakula vijana. Nikiwa mkweli, mimi hiyo inaniuma kuliko tangazo la padri.

Mutu wa Mampala
na bapastere je?? wao wenyewe banafilme mama akianguka, pepo anatoka, sketi imepanda, wanaweka na muziki juu. ule mama nani alimuuliza. hapo hamusemi

Mwana wa Bapostolo, Ruashi
Muniache niseme juu familia yangu ni Bapostolo, kanisa ya John Maranke yenye ilianza Zimbabwe 1932. Sisi hatuna ukuta. Tunasali inje, nguo nyeupe, miguu bila viatu, kwa hiyo ile maneno ya Kaka Sheria ya "ndani kwa mwenye nyumba, barabara kitu ingine" sisi inatuacha wapi? Kila siku ya sala gari inasimama, kioo inashuka, mkono na telefone inatoka, wanapiga, wanaenda. Sawa vile tuko ku zoo. Kisha unaona foto yako inazunguka na maneno chini eti hawa ni bachawi. Babu yangu ako mule mu foto! Mwenye alisomesha batoto saba na mushahara ya Gécamines, kampuni ya migodi.

Lakini kulikuya kijana mumoja na aparei kubwa. Alivua viatu akaviweka pamoja na vya wengine, akakaa upande wa banaume, akangoja mpaka mwisho, na sala yetu si ya dakika ishirini, mnaijua. Kisha akamuendea mwangelisti, akauliza. Wazee wakajadiliana, wakamwambia sala hapana, lakini kisha sala sawa. Wote wakasimama, mabibi wakanyoosha vitambaa ya kichwa, na ile foto leo iko ku ukuta kwetu pale salon. Kwa hiyo mutu asiniambie kama ukiuliza foto inakufa. Ile mingine yenye ulitaka kuiba njo imekufa.

Niko Liège
Nawasoma kutoka mbali na naona mko na bahati ya kugombana juu ya picha mlizonazo. Mama yangu alizikwa Lubumbashi na sikuweza kufika. Kila tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi watu wanaenda kusafisha makaburi, na mimi nakaa hapa nafungua telefone nangoja mtu aweke foto. Mwaka juzi kijana nisiyemjua aliweka picha ya watu na majembe na ndoo za maji, na nyuma kabisa nikaona msalaba wa mama, umepakwa rangi nyeupe upya. Hakumuuliza mtu yeyote. Mngemkataza?

Halafu ile habari ya picha za Union Minière. Sammy Baloji, mpiga picha, mtoto wa hapo hapo Lubumbashi, alichukua wafanyakazi wa zile picha za kale akawaweka mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa vya leo, na dunia nzima ikasimama kutazama. Biennale yenu, yale maonyesho ya sanaa, tangu 2008 inaonyesha kazi za namna hiyo. Zingekatazwa wakati ule, leo mngekuwa na nini cha kuwajibu waliozipiga?

Mama Soprano Katuba
Yaya wa Liège, pole kwa mama. Kaburi mi sikatae. Lakini ule mubaba wa Union Minière, angekuwa na nguvu ya kusema hapana, si angesema? Mimi niko nayo leo. Usiniombe niiache juu kisha miaka mia mutu atatengeneza sanaa.

Mupiga Foto wa Kamalondo
Mama hapo umenifunga mudomo kidogo. Kidogo tu. Juu mama anakataa foto yake, haki yake, lakini padri alikataa kwa niaba ya batu mia tano benye hakubauliza. Na bale beko na batoto ba ubatizo je? Tuliandika barua: mupiga foto abakie nyuma ya benchi ya mwisho, bila flashi, hakuna foto wakati wa kugeuza mukate na divai wala wakati wa maungamo, na kitu yote yenye inaenda ku intaneti mwenye sura aonyeshwe mbele. Kaka Sheria aliisoma, alirekebisha Kifaransa yetu. Tutaipeleka ku baraza ya paruwasi.

Fundi wa Mlangoni
Na bei? Ku barua muliandika kitu juu ya bei?

Mupiga Foto wa Kamalondo
Hapana papa, ile tuliiacha kwanza, tusichome nyumba mbele ya kuingia.

Fundi wa Mlangoni
Basi pelekeni. Miye sitangoje jibu. Ukuta ni ya padri, avenyu si yake, nitapanga foto zangu ngambo ya barabara, na mwenye hataki kupigwa aniambie pale pale mulangoni, uso kwa uso, ninamujua kila mutu.